Kujenga upya injini ya 4A-FE nyumbani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua, na pale wengi wanapokwama

Maswali yanayonifikia kuhusu kufungua injini ni yale yale. Nimeweka ringi mpya, nimeweka gasketi mpya, nimemwaga oili nzuri, wiki chache tu gari inatoa moshi tena, au imenoki kabisa. Ukimuuliza mtu silinda ulipima ukapata ngapi, hajapima. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, je? Hajapima. Kaenda dukani akanunua seti nzima, akafunga, akawasha. Spea mpya ndani ya silinda iliyoliwa ni hela imetupwa, ndio maana nusu ya mwongozo huu ni kupima na kuosha, kukaza bolti kunakuja baadaye kabisa.

Nimechukua Toyota 4A-FE, ile ya valvu 16 na cc 1587, kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye Corolla na Carina za miaka ya 90 ambazo mpaka leo zinatembea barabarani kwetu, spea zake zipo na inasamehe makosa zaidi kidogo kuliko injini za kisasa. Kama yako ni nyingine mpangilio wa kazi ni huu huu ila namba zitabadilika, tafuta manual ya injini yako.

## Andaa hivi kabla hujalegeza hata nati moja

- Seti ya boksi spana, spana za kawaida, bisibisi, koleo
- Torki renchi inayosoma vizuri. Huna, azima au kodisha. Bila hii usianze
- Fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya), rula ya chuma iliyonyooka kabisa, na plastigeji (ule uzi laini wa kupimia nafasi ya beringi)
- Geji ya kompresheni (ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda)
- Cheni bloku na stendi imara ya chuma, pamoja na stendi za kuwekea gari. Jeki peke yake hapana
- Mafuta ya taa, sabuni ya unga, brashi ndefu nyembamba, na pampu ya upepo hata ya kuazima kwa mtu wa pancha
- Mifuko midogo ya nailoni, maka peni, trei mbili za mayai
- Bolti moja ya mm 6, urefu kama mm 16 hadi 20, nyuzi za 1.0. Kazi yake utaiona hatua ya tatu
- Oili safi, silikoni ya gasketi, matambara yasiyotoa nyuzi
- Simu yenye nafasi ya picha nyingi

Spea usinunue bado. Nasisitiza hapo maana ndipo wengi wanapoteleza, mtu anaenda kwenye maduka ya spea, Gerezani kule Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi, na pesa mkononi kabla injini haijafunguliwa, anarudi na beringi za standadi kumbe krenki yake ilishachongwa zamani na mwenye gari wa kwanza.

## Hatua ya 1: Jua inaumwa nini

Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote nne, chomoa plagi ya waya wa distributa ili isipige moto wala kumwaga petroli, kanyaga akselereta mpaka chini halafu mtu apige staata huku geji iko kwenye tundu la plagi. Betri iwe imejaa, betri dhaifu inakupa namba za uongo.

4A-FE nzima inasoma karibu 13.5 kg/cm², yaani psi 191. Chini ya 10, kama psi 142, imechoka. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 1.0, kama psi 14.

Ikisoma chini, mwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda ringi au silinda zimeisha. Isipopanda tatizo liko juu, valvu au gasketi ya hedi (kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya bloku). Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao.

Moshi nao unasema. Wa bluu ni oili, na kama unatoka asubuhi tu ukiwasha halafu unakata, mara nyingi ni sili za valvu, hiyo huhitaji kushusha injini nzima. Mweupe usiokata na maji yanapungua kwenye rejeta, maji yanaingia ndani. Mweusi ni petroli nyingi, usishushe injini, angalia mambo ya mafuta na sensa kwanza.

Umefanikiwa hapa kama unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini unashusha injini. Huwezi, usishushe.

## Hatua ya 2: Kushusha

Toa waya wa hasi wa betri. Mfumo wa petroli unabaki na presha hata gari ikiwa imezimwa, kwa hiyo legeza bomba la mafuta taratibu ukiwa umelizungushia tambara, na mtu asivute sigara karibu. Mwaga maji, mwaga oili.

Kila waya na kila mpira unaochomoa, upige picha kabla na baada, ubandike karatasi yenye namba. Kuna mipira ya vakyumu myembamba pale juu ya manifodi inafanana yote, ukiipachika vibaya gari itawaka lakini sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga akselereta) itapanda na kushuka, utatafuta ugonjwa mwezi mzima.

Injini inatoka pamoja na gia boksi. Cheni bloku usifunge kwenye kenchi ya nyumba wala tawi la mwembe. Uzito huo ukikatika unaua mtu, hakuna haraka inayolipa hiyo. Na asiingie mtu chini ya injini inayoning'inia hata kwa sekunde moja.

## Hatua ya 3: Kufungua bila kuharibu

Hapa kuna mtego wa 4A-FE ambao mafundi wengi wa mtaani wanauruka. Kamshafti mbili (mihimili ya juu inayofungua valvu) zimeunganishwa kwa gia, na moja ya hizo gia ina gia ya pili nyembamba yenye springi inayoivuta pembeni. Kabla hujatoa kamshafti hiyo, pachika ile bolti ya mm 6 ufunge hizo gia mbili pamoja. Ukisahau, springi inaachia na kuirudisha mahali pake ni mateso.

Kepu za kamshafti legeza kidogo kidogo kwa zamu, kamshafti ipande ikiwa imelala sawa. Ukilegeza upande mmoja wote kwanza, valvu za upande wa pili zinaisukuma na inaweza kupasuka au kuharibu kiti chake kwenye hedi.

Bolti 10 za hedi unazilegeza kuanzia pembeni kuja katikati, kwa mizunguko mitatu, injini ikiwa ya baridi kabisa. Ukizitoa ovyo hedi ya aluminiamu inapinda mikononi mwako.

Valvu, vikombe vyake na shimu zake (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu) zipange kwenye trei za mayai, kila tundu na namba yake. Kila kitu kirudi kilipotoka kwa sababu kimeshazoeana na mwenzake. Kepu za krenki na za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) hali kadhalika, hazibadilishani hata kidogo. Za krenki zina namba 1 hadi 5 na mshale unaoelekea mbele. Za konrodi kama huoni alama piga yako kwa maka peni kabla hujafungua.

Kabla ya kusukuma pistoni nje pitisha ukucha juu kabisa ya silinda. Ukikwama kwenye ngazi, silinda imeliwa, na hiyo ngazi iondolewe kwanza la sivyo itavunja pistoni wakati inatoka.

## Hatua ya 4: Kuosha na kupima

Osha bloku kwa mafuta ya taa, halafu maji ya moto na sabuni ya unga, halafu upepo. Zile njia za oili ndani ya bloku na ndani ya krenki pitisha brashi nyembamba mpaka upepo utoke upande wa pili ukiwa safi. Kusugua uso wa bloku kwa msasa mimi sikushauri kabisa, ule unga wa msasa unaingia kwenye njia za oili na unakuja kula beringi mpya kilomita chache baada ya kuwasha. Tumia kikwarulio cha plastiki au mbao na uvumilivu.

Sasa vipimo.

Silinda. Pima juu, katikati na chini, kwa pande mbili kila mahali. 4A-FE standadi ni mm 81.00 hadi 81.03. Ikifika 81.23 inatakiwa kuboriwa, yaani kuchongwa ipanuke. Kama huna geji ya silinda wapelekee wachonga vyuma wakupimie na wakuandikie namba kwenye karatasi, usikubali kuambiwa tu "bado nzuri hii".

Hedi. Laza rula kwa urefu, kwa upana na kwa kukatiza kona kwa kona, pitisha fila geji ya 0.05. Ikipenya, hedi imepinda inatakiwa kuskimiwa, yaani kuchongwa uso unyooke. Gari iliyowahi kuchemsha usijiulize mara mbili, hedi ikapimwe pia kwa presha ya maji kama ina ufa. Ufa mwembamba kati ya viti vya valvu huuoni kwa macho.

Krenki. Pitisha ukucha kwenye kila jonali (sehemu inayozunguka ndani ya beringi), ukihisi mchirizi inaenda kuchongwa. Ikiwa laini, weka kipande cha plastigeji, funga kepu na beringi zake kwa torki kamili, usizungushe krenki, fungua usome upana. Kwa beringi kuu nafasi ni kama mm 0.015 hadi 0.033, na mwisho wa kuvumilia ni 0.10. Kwa konrodi ni 0.020 hadi 0.051, mwisho 0.08.

Matokeo ya hatua hii ni karatasi yenye namba zote. Hiyo karatasi ndiyo orodha yako ya manunuzi.

## Hatua ya 5: Spea na wachonga vyuma

Ukiambiwa silinda ziboriwe, nunua pistoni kwanza ndipo upeleke bloku pamoja na pistoni mkononi. Fundi achonge kufuata pistoni yenyewe ilivyo. Watu wanaboa kwanza halafu wanaanza kutafuta pistoni ya 0.50 (iliyozidi standadi kwa mm 0.50) mji mzima, wakiipata imetofautiana kidogo, inabana au inagonga.

Kama silinda ziko ndani ya kipimo unaweka ringi tu, lakini lazima zipigwe honi, ile mistari ya kukatiza. Silinda iking'aa kama kioo ringi mpya hazikai, na oili utaendelea kuchoma ukiwa na ringi mpya kabisa ndani. Malalamiko ya "ringi feki" mengi ninayosikia chanzo chake ni hiki.

Ringi feki zipo pia, sikatai. Angalia alama ya juu kwenye ringi kama imechapwa vizuri, linganisha unene na za zamani, na gasketi ya hedi ilaze juu ya bloku uone kila tundu la maji na oili linalingana. Bloku ikirudi kutoka kuchongwa ioshe tena upya, yote, kwa maji ya moto na sabuni, hata kama wamekuambia wameshaosha. Tambara jeupe lenye oili likipita ndani ya silinda lisitoke na weusi.

## Hatua ya 6: Kurudisha chini

Fagia unapofanyia kazi, mwaga maji sakafuni vumbi litulie, na ukiacha kazi usiku funika kwa nailoni safi.

Mgongo wa beringi na kiti chake viwe vikavu kabisa, oili inapakwa upande wa ndani tu unaogusa krenki. Oili nyuma ya beringi inazuia joto kutoka na beringi haikai sawa. Beringi za juu zenye tundu zilingane na tundu la oili kwenye bloku, ukigeuza umeziba oili na injini itanoki ndani ya dakika chache. Vile vipande vya nusu mwezi vya katikati, vinavyozuia krenki kusogea mbele na nyuma, mifereji yake ielekee nje, upande wa krenki.

Kepu kuu zinakazwa Nm 60, kwa zamu kutoka katikati. Baada ya kila kepu zungusha krenki kwa mkono. Ikigoma ghafla, ile uliyomaliza kukaza ndiyo yenye tatizo, fungua uangalie sasa hivi. Usijipe moyo kwamba italegea yenyewe ikiwaka.

Ringi kabla ya kwenda kwenye pistoni ziingize moja moja kwenye silinda, zinyooshe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha. Ringi ya kwanza kwa pistoni hii inaanzia kama mm 0.25. Ncha zikikaribia kugusana, joto likija zitasukumana na kuchana silinda. Alama itazame juu, na mianya ya ringi isipangwe mstari mmoja.

Pistoni ina alama ya mbele, konrodi ina alama ya mbele, zote ziangalie upande wa taiming belti. Visha bolti za konrodi vipande vya mpira ili zisikwaruze krenki, paka oili, bana ringi kwa kibanio chake, sukuma kwa mpini wa nyundo wa mbao. Ikikwama simama, ringi moja imetoka kwenye kibanio, ukilazimisha unaivunja. Konrodi ikaze kwa torki ya manual ya toleo lako.

Sampu (karai la oili chini ya injini): silikoni iwe uzi mwembamba, si kumwaga tyubu nzima. Inayozidi inafinywa kwenda ndani, inakatika, inaziba chujio la oili pampu. Bolti za sampu ni ndogo, Nm 5 inatosha.

## Hatua ya 7: Hedi

Saga valvu kwenye viti vyake, weka sili mpya, funga, geuza hedi mimina mafuta ya taa kwenye kila chemba. Subiri. Yakivuja kwenye tundu la manifodi rudia kusaga.

Matundu ya bolti kwenye bloku yapulize upepo mpaka yakauke. Hili watu hawalichukulii uzito na linapasua bloku, maana maji au oili iliyobaki chini ya tundu haifinyiki, bolti inaishinikiza mpaka chuma kinapasuka. Kwenye bolti yenyewe paka oili kidogo tu, nyuzi na chini ya kichwa. Bolti yenye shingo iliyokonda itupe.

Kwenye 4A-FE bolti fupi za mm 90 zinakaa upande wa inteki (inapoingia hewa), ndefu za mm 108 upande wa egzosti (unapotoka moshi). Zianze katikati kwenda nje, ukazie kwa awamu mpaka Nm 29 zote. Weka doa la rangi mbele ya kila kichwa. Zungusha digrii 90 zote kwa mpangilio ule ule, halafu 90 nyingine. Madoa yote sasa yaangalie nyuma. Doa moja likiangalia pembeni, hiyo bolti imesahaulika.

Bolti za namna hii hazirudiwi kukazwa baada ya kilomita 500 kama za zamani, fundi akikuambia vinginevyo mwonyeshe manual.

## Hatua ya 8: Taiming na valvu

Gia za kamshafti zina alama zaidi ya moja. Zipo za kuunganishia gia wakati wa kufunga, na zipo za kuonyesha TDC (pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa), na kuzichanganya ni kosa la kawaida sana. Ukishafunga toa ile bolti ya mm 6, isibaki humo. Kepu za kamshafti Nm 13, kidogo kidogo kwa zamu.

Funga taiming belti, halafu zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kufuata mshale wa saa. Alama zirudi pale pale. Zisiporudi anza tena, usiwashe "uone itakuwaje".

Pima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Inteki ni mm 0.15 hadi 0.25, egzosti inazidi kidogo na namba yake inategemea toleo. Nafasi ikiwa ndogo mno valvu haifungi vizuri, inaungua, na hutasikia kelele yoyote kukuonya. Ndio maana injini iliyo kimya kupita kiasi baada ya kusaga valvu isikufurahishe haraka.

## Hatua ya 9: Kuwasha mara ya kwanza

Weka oili, filta mpya uijaze oili kiasi kabla ya kufunga. Plagi nje, distributa imechomolewa, piga staata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Sasa rudisha plagi na waya wa distributa uwashe. Taa ikiwaka zaidi ya sekunde chache injini ikiwa inazunguka, zima papo hapo.

Maji: injini nyingi zilizojengwa vizuri zinakufa hapa kwa kuchemsha, kwa sababu ya hewa iliyobaki ndani. Inua pua ya gari, fungua hita mpaka mwisho, jaza taratibu kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, acha iunguruke mpaka mpira wa rejeta upate moto, ongeza. Themostati usiitoe. Inafunguka karibu nyuzi 82, ipime kwenye sufuria ya maji ya moto, ikifunguka irudishe. Tumia kulanti, na kama unakaa pwani maji ya kisima yenye chumvi usiyaguse, yanakula hedi ya aluminiamu toka ndani.

Moshi kidogo dakika za mwanzo ni kawaida, ile oili uliyopaka inaungua. Ukiendelea siku ya pili na ya tatu si kawaida.

Usiiache ikiunguruma pale pale nusu saa nzima. Ringi zinakaa kwa mzigo, kwa hiyo endesha, panda mwendo wa wastani, achia akselereta gari ijivute, panda tena. Usikanyage mpaka chini, usibebe mizigo, usikae spidi moja safari ndefu. Oili ya kawaida ya mineral inatosha kipindi hiki.

Kilomita 500 mwaga oili, kata filta ufungue karatasi yake juani. Vumbi laini la kijivu utaliona na halina shida. Vipande vinavyong'aa vya kuonekana kwa jicho, hasa vyenye rangi ya shaba, beringi inaliwa, paki gari ufungue sampu kabla krenki haijaharibika. Filta ikiwa safi, rudisha geji ya kompresheni kwenye silinda zote nne na uandike namba mpya kwenye karatasi ile ile ya hatua ya nne.